Kibao Ulichofunikia Mtungi

Mama yangu mpendwa,

Kibao kile bado ninacho. Kimepinda kwa maji, na maandishi yangu ya mkaa yalishafutika, lakini tundu la kamba lipo palepale.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, kijiji chetu cha Ujamaa hapa Mkata kikanikabidhi darasa la kisomo. Nilijiona mwalimu hasa! Shuleni tulivishwa kibao shingoni tukisema kilugha, nami nikawaletea watu wazima adhabu hiyohiyo, bila hata haya. Sheria ilikuwa ileile: aliyekivaa hukivua akimnasa mwenzake. Siku ya kwanza ukaingia, ukamwamkia jirani yetu Mzigua, Mama Zaina, kwa Kishambaa: "Onga mshi." Nikakuvisha mbele ya darasa zima. Mama yangu mzazi!

Ulikivaa mpaka nyumbani. Ukachota nacho maji, ukasonga nacho ugali. Baba akauliza, "Mama Rehema, umepewa nishani?"

"Eeh, na Mwalimu," ukajibu, ukakivua, ukafunikia mtungi.

Wenzako waliteleza kila siku, huyu kwa Kizigua, yule kwa Kishambaa, na ulikuwa unawasikia. Hukumtaja hata mmoja. Kibao hakikutoka tena nyumbani kwetu.

Mimi nikadhani nimeshinda, maana tangu hapo ulinisemesha Kiswahili tu, hata ukiwa na hasira. Kishambaa chako ukakihamishia kwa Mama Zaina. Mkipalilia shamba la kijiji, yeye alikuchokoza kwa Kizigua, wewe ukamjibu kwa lugha ya kwenu Lutindi, na katikati mkachomeka "katibu" na "mwenyekiti" kila mlipotaka kumsengenya mkubwa fulani. Mwishowe hata nyinyi hamkujua neno lipi ni la nani.

Ulipougua uzeeni, Kiswahili kikakutoka chote. Ukaniuliza kitu. Nilikuelewa, mama, lakini ulimi wangu uligoma. Nikakujibu kwa Kiswahili. Ukaniangalia, ukauliza tena. Mama Zaina ndiye aliyekujibu kwa niaba yangu, nawe ukafumba macho, umeridhika. Ulikuwa unauliza kama nimekula.

Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa mwalimu wangu ni yeye. Kila Ijumaa naenda kibarazani kwake, na hana huruma: nikikosea anacheka mpaka kanga inamdondoka. Kishambaa anachonifundisha kimejaa Kizigua, na ndugu zako wa Lutindi wangekikunjia pua. Lakini ndicho mlichokuwa mkikisema nyinyi wawili. Sitaki kingine.

Jana nilikuja kupalilia kaburi lako. Nikapiga magoti, nikakujibu kwa Kishambaa, polepole, bila kukosea: nimekula, mama. Nimeshiba.

Binti yako,
yule uliyemwita Mwalimu