Maji Taka Yaliingia Chumbani Mwangu, Nikasema Hayakufika

Mshauri wetu mpendwa,

Nimesoma safu yako kiasi cha kujua kwamba humwonei haya mtu mzima, na ndiyo sababu nakuomba unisaidie mimi, kwani nimesema uongo ndani ya nyumba ya mwanangu na uongo wenyewe umeanza kunuka.

Mimi ni mgane, na niliondoka kwetu nikiwa bado na nywele nyeusi. Naishi na kijana wangu na mkewe, wao juu, mimi katika chumba cha chini ya ardhi, mlango kwa mlango na chumba cha kufulia. Majuzi, wao wakiwa kazini, bomba kuu la maji taka liliziba huko nje na maji yakarudi nyuma, yakapanda kupitia tundu la sakafuni kwenye chumba cha kufulia, meusi, mazito, na mengine ambayo sitayataja gazetini, yakapita chini ya mlango wangu yakanifika kwenye vifundo vya miguu nikiwa nimesimama na soksi zangu juu ya zulia, nikampigia simu kijana wangu, akaja na fundi, fundi akazibua, maji yakashuka, na wao walipokuwa bado wanahangaika na chumba cha kufulia mimi nilikuwa nimeshapiga deki kwangu na kufunga mlango.

Mkaza mwanangu aliporudi alinikuta kwenye ngazi.

“Pole, Baba. Na kwako je, kumepona?”

“Kumepona, mama. Sakafu yangu imeinuka kidogo.”

Fundi, aliyekuwa akibandua bodi za ukuta wa chumba cha kufulia, akaniangalia miguu. “Kwa hiyo, mzee, maji yalifika mlangoni pako, yakapiga hodi, hukuitikia, yakarudi zao?”

Wote wakacheka, nami nikacheka, na baada ya kucheka sikupata tena pa kusemea kweli.

Utaniuliza kwa nini. Kabla mkewe hajarudi nilimsikia kijana wangu akimwambia kwenye simu, “Kukiharibika kwa Baba tumhamishie juu, atalala kwenye kochi, na kule chini tupafanye stoo,” na alisema kwa upendo, simlaumu, ila mimi nimelala kwenye makochi ya watu miaka mingi, naijua kazi yake, unaamka kabla ya wenye nyumba, unakunja blanketi, unaficha mto ili asubuhi kochi liwe kochi, na wageni wakikawia unakaa nao unatabasamu huku macho yanajifumba, na chumba hiki ndicho cha kwanza, tangu nilipotoka kwetu, ambamo naweza kuacha kitabu kimefunuliwa kitandani nikarudi nikakikuta kwenye ukurasa ule ule.

Sasa zulia nimelikausha na kulitandika tena, godoro lililolowa pembe ya kichwani nimeligeuzia miguuni, ukuta nimeufuta kwa sabuni, feni inazunguka mchana kutwa, lakini nyuma ya kabati bodi imevimba na kuota madoa meusi, na mimi nimeanza kukohoa. Mkaza mwanangu haingii chumbani kwangu, kwa adabu yake, ila huniuliza akiwa nje kikohozi hicho nimekitoa wapi. Kijana wangu naye alisema jana kutoka kwenye ngazi, “Baba, marashi yote hayo, kuna mchumba anakuja?” nikamjibu kwamba uzee una mambo.

Je, hakuna njia ya kuukausha ukuta bila kuubomoa? Na kama hakuna, nitaanzaje kusema?

Mwenye Chumba cha Chini

*

Mzee wangu,

Pole. Pole ya maji, na pole zaidi ya makochi. Nimekuelewa, na kwa kuwa nimekuelewa sitakubembeleza.

Njia hiyo haipo. Yale hayakuwa maji ya mvua, yalikuwa maji ya vyoo vya mtaa mzima, na bodi yako imeyanywa kama mkate unavyokunywa chai. Ulichofuta kwa sabuni ni uso tu. Godoro nalo hukulisafisha, umeuhamisha uchafu kutoka kichwani kwenda miguuni. Na hayo marashi yaache, sasa una harufu mbili badala ya moja. Kikohozi usikisingizie uzee. Nenda kwa daktari, na umwambie ulichokanyaga na unacholalia.

Halafu kuna mkaza mwanao. Binti wa watu haingii kwako kwa heshima, na wewe heshima yake umeigeuza komeo. Hilo halikupendezi, na unalijua. Tena linakupeleka pale pale unapopaogopa: ukuta ukizidi kuoza wataugundua kwa pua, watabomoa wakiwa na hasira, na hakuna atakayekumbuka kukuuliza unataka kulala wapi.

Kwa hiyo sikiliza. Swichi na soketi za ukuta ule usiziguse hadi fundi wa umeme azione. Zulia, godoro na chochote kilichonyonya maji yale vitoke nje. Hapo usibishane nami, na kubeba waachie vijana wenye glavu na mabuti ya mpira. Vitabu vya rafu ya juu ni vyako, vilivyolowa viage. Vitu vigumu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ndipo vipanguswe kwa klorini iliyotiwa maji, madirisha yakiwa wazi, na isichanganywe na dawa nyingine yoyote. Bodi ikatwe juu zaidi ya alama ya maji, pamba ya kuzuia baridi iliyo nyuma yake itolewe, ukuta uachwe wazi hadi ukauke kabisa. Fundi ana kipimo cha unyevu; kiamini hicho kuliko kiganja chako. Na tundu la sakafuni liwekewe kizuizi kinachoruhusu maji kutoka na kuyakataa yakirudi, la sivyo utaniandikia tena.

Kuhusu kusema, kubali kosa lako kwa sentensi moja, kisha waeleze habari za kochi kama ulivyonieleza mimi. Kijana wako alidhani anakupa nafasi ya karibu na familia. Hajui kochi ni nini kwako kwa sababu hujamwambia. Sema utalala juu wakati wa ukarabati kwa kuwa ni lazima, na kwamba ukuta ukishakauka na kupakwa rangi unataka kurudi chini. Tumia neno hilo, “nataka”. Wakiwa na sababu ya kukataa, waitaje mbele yako, mwijadili watu wazima watatu. Lakini lisemwe kabla bodi yako ya kwanza haijabanduliwa. Baada ya hapo chumba kitakuwa tayari kimeshakuwa stoo vichwani mwao.

Usingoje siku nzuri. Leo mkaza mwanao akirudi kutoka kazini, mpokee mlangoni, mwambie, “Mwanangu, maji yalifika kwangu, njoo uone,” na umwombe asivue viatu.