Kofia Yako Kichwani mwa Punda

Kadizi, Hispania
Ijumaa, alasiri

Mke wangu Mwanakheri,

Salamu zangu zikufikie kabla ya hasira zangu, maana vyote viwili vimo humu na sitaki hasira itangulie kubisha hodi. U hali gani? Mama anaendeleaje na miguu? Makuti ya upande wa jikoni yamekwisha badilishwa, au bado mnahamisha mikeka kila mvua ikinyesha? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio unaochemka. Barua hii isome mwenyewe, polepole, wala usimpe kaka yako Athumani aisome barazani kwa sauti yake ile ya kuhutubia.

Na huyo Athumani nianze naye. Umeniandikia kwamba anawaambia watu natembezwa ulimwenguni kama sultani, nakula mkate kwa siagi, naona miji. Mwambie sultani hamwagi matapishi ya abiria bahari ikichafuka, wala hasimami nyuma ya kiti cha mtu mzima akimngojea amalize supu. Miji yenyewe mara nyingi naiona kwa tundu la dirisha, nikiwa na sahani mkononi. Lakini leo nimeona mji kweli, nimeukanyaga kwa miguu yangu, na afadhali nisingeshuka.

Tulipewa ruhusa asubuhi, sisi watumishi wa mezani, kwa zamu. Kwa kuwa ni Ijumaa nilivaa kofia yako ya viua, ile uliyonishonea, nikasema huenda nikapata msikiti. Sijafika mbali gatini nikasikia mtu ananiita kwa nyuma, "Ndugu, kofia hiyo ya kwetu hiyo." Kugeuka, ni mtu wa Pangani, jina lake Mbaruku, mchochea moto kwenye meli ya mizigo iliyofunga karibu na yetu. Meli yao inapita Suezi, inakwenda Tanga mpaka Dar es Salaam. Alikwisha fika hapa mara nyingi, akasema twende anitembeze.

Mji wenyewe, nisiseme uongo, ni mzuri, na hilo nalo limeniudhi. Bahari imeuzunguka karibu pande zote, umebaki mkia mwembamba tu wa nchi kavu. Vichochoro ni vyembamba kama vya kwetu mjini, ila nyumba zao zimepanda juu mpaka jua halifiki chini. Mawe ya kuta yamejaa makombe na chaza, yametolewa baharini kama mawe yetu. Nikasimama nikayapapasa mpaka Mbaruku akaniuliza kama nataka kununua nyumba. Juu ya mapaa wana minara, na yeye akanieleza kwamba matajiri wa zamani walikuwa wakipanda huko kutazama kama merikebu zao zinarudi. Kwenye pembe za vichochoro wamesimika mizinga mikongwe, nusu imezikwa ardhini, ili magurudumu yasikwaruze kuta. "Kwetu ukiwa na mzinga una boma," Mbaruku akasema. "Hapa ni kigingi cha kona."

Msikiti hatukupata. Mzee mmoja tuliyemwuliza kwa ishara alituonyesha kanisa. Mbaruku akasema Waislamu walikuwapo huku zamani za kale, wakaondoshwa. Basi tukasali adhuhuri sisi wawili juu ya ukuta wa bahari, yeye akitazama jua na kunionyesha kibla. Askari mmoja alisimama kututazama mpaka tulipotoa salamu. Askari wa hapa wana kofia nyeusi zinazong'aa kama kiatu kipya, nyuma zimebinywa bapa. Hiyo kofia yake ikumbuke, nitairudia.

Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa kubwa, lenye kuba la vigae vya manjano, tukawakuta abiria wa meli yetu wamejaa tele. Bibi mmoja ambaye mimi ndiye ninayemhudumia mezani akaniona, akaniita, "Boi, njoo." Nikaenda. Akatazama kofia, akasema kazi nzuri sana hii, nani kaishona. Nikamwambia mke wangu. Akasema anaomba aitazame. Nikaivua mwenyewe, Mwanakheri, nikampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni kitu alichokisifu, na nilikuwa nimejaa fahari. Nilidhani anataka kuviona viua vyako kwa karibu.

Kulikuwa na mzee anauza makaa, na punda wake amesimama kando na magunia. Yule bibi akaenda moja kwa moja, akamvika punda kofia yako katikati ya masikio. Mumewe akatoa kamera. Wote wakacheka, na yule askari wa kofia nyeusi, aliyekuwa ametufuata kutoka ukutani, naye akacheka. Mbona ile yake haikuvikwa punda? Kisha bwana mmoja akaniashiria nisimame kando ya punda, picha ikamilike.

Nilinyanyua sauti. Nikasema kwa Kiingereza, na wewe unajua sauti yangu nikikasirika inafika wapi: "Hiyo ni kofia ya kusalia. Wewe na mumeo hamna adabu." Aliyeivua ni mzee wa makaa. Akaipuliza vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema maneno kwa lugha yao ambayo sikuyaelewa, ila hakuwa anacheka. Punda mwenyewe alikuwa ametulia tuli. Wazee wamesema shukrani ya punda ni mateke, lakini leo mateke yametoka kwingine.

Niliporudi melini nikaitwa na mkubwa wetu wa watumishi, Mgoa mmoja ambaye hawezi kumtazama abiria bila kuinama.

"Shomari, umemtukana abiria mbele ya watu."

"Amemvika punda kofia yangu."

"Kofia ni kofia. Bibi ana moyo mzuri, amekwisha samehe. Anataka kitu kimoja tu, umpe hiyo kofia aende nayo kwao iwe ukumbusho wa Hispania."

Wa Hispania, mke wangu. Umekaa kwenye kibaraza cha uani Bagamoyo ukiumiza macho, kumbe ulikuwa unawashonea ukumbusho wa Hispania.

Akaniambia nimpelekee mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, pamoja na neno la samahani. Nisipofanya hivyo nitashushwa Gibralta, na kitabu changu cha ubaharia kitaandikwa tabia mbaya, na hakuna meli itakayonichukua tena. Unajua maana yake. Nitarudi kulima Makurunge, na Athumani atanicheka mpaka Idi.

Nikashuka tena kumtafuta Mbaruku, nikamweleza. Naye akasema, "Mpe, yaishe. Mkeo ana mikono, atashona nyingine."

Nilimkasirikia hata yeye. Jambo lenyewe huwa silisemi kwa watu. Leo nikalisema. Nikamwambia uliianza ukiwa na mimba ya Mwanaidi. Ukaishona siku za arobaini, mtoto amelala pajani pako, nami nikikugombeza kwamba utamchoma na sindano. Ukaimaliza tulipokwisha mzika, ukasema mikono yako ikikaa bure utapata wazimu. Nikamwonyesha ukingoni pale, viua vilivyopinda. Niliwahi kukuuliza, ukaniambia uzi ulikuwa mbaya. Mwanakheri, najua haukuwa uzi.

Mbaruku akavishika kwa kidole chake chenye masizi, akakiondoa upesi asivichafue. Akasema, "Andika barua yako. Nitaipeleka mimi mpaka mlangoni kwake."

Ndiyo maana naandika hapa, juu ya gunia gatini, na yeye amekaa ananingoja. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia ili watakapokuja watu kukuonea huruma kwamba mumeo kapoteza kazi kwa sababu ya kofia, ujue la kuwajibu. Na usipojua la kuwajibu, wafungie mlango. Hasira yangu haijapoa na siiombei ipoe leo, maana ikipoa naogopa nitainama kama yule Mgoa.

Nisalimie mama, mwambie miguu aikande kwa mafuta ya nazi ya moto, asione uvivu. Msalimie Bi Tatu, jirani yetu aliyemwosha mtoto wetu, sijamsahau. Nisalimie mjomba Hamisi wa Mbegani, na shangazi yangu wa Mkange akija mjini, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetufungisha ndoa, aniombee dua. Athumani naye msalimie, ni shemeji yangu nifanyeje. Watu wameacha kukuita Mama Mwanaidi kwa kukuhurumia. Mimi sijaacha.

Honi ya meli yetu imelia, na yule bibi sasa hivi atakuwa anavaa kwa ajili ya chakula. Kofia imo ndani ya kifurushi hiki, nimeifunga kwa kitambaa changu cha mezani kilicho safi. Ina alama kidogo ya makaa upande wa kulia. Usiifue. Iweke sandukuni, usimpe mtu aijaribu, mpaka nije univike mwenyewe.

Nakwenda juu kichwa wazi kuwaambia sina.

Mumeo,
Shomari