Pikipiki ya Mwethya Ina Miguu Mitatu

Matinyani, Kitui
Alhamisi, 12 Septemba 1991

Mpendwa Shangazi Mutindi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Changamwe na joto lake? Na goti lako, lile lililokusumbua wakati wa Pasaka, linaendeleaje? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa asubuhi, jua likipanda anatulia. Mvua bado. Mbuzi wamefika mahali pa kula makaratasi.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Unasema nije nikae kwako baada ya Krismasi kwa sababu wifi yangu Ndila amechoka kunichotea maji. Nilikasirika, Shangazi, sitakuficha. Halafu nikaona ni kweli. Tangu kaka Muthama amwoe, huyo mwanamke anashuka mtoni na mukwa wake, ule ukanda wa kubebea mtungi unaopitishwa kwenye paji la uso, na maji ninayooga yanapanda kilima mgongoni mwake. Polio ilinipooza mguu mimi, mzigo akaubeba yeye. Unajua mwenyewe kwetu mwanamke asiyejichotea maji anavyotazamwa.

Lakini ngoja kwanza, kuna jambo.

Kikundi chetu cha mwethya, wale wamama tunaosaidiana kuchimba matuta shambani, kimenunua pikipiki ya magurudumu matatu. Si mpya, ila kwetu ni mpya. Tuliitoa kwa Maalim, mfanyabiashara wa ngozi pale Kitui mjini. Mbele ni pikipiki kabisa, nyuma ni sanduku la bati juu ya magurudumu mawili. Inanuka ngozi mpaka mbwa wote wa Matinyani wananifuata. Kazi yake ni kutoa maji mtoni na kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Ilipoulizwa nani ataiendesha, wamama wakaangalia chini, kwani kila mmoja ana mume wa kumkataza. Mimi sina. Nikainua mkono kabla akili haijafika.

Abdow, dereva wa Maalim, ndiye anayenifundisha katika uwanja wa shule watoto wakiwa darasani. Ni mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache ni "polepole." Fundi amehamisha breki ya mguu akaileta mkononi. Mguu wangu wa kulia, ule mwembamba, naufunga na leso kwenye kibao ili usining'inie. Mara ya kwanza niliachia klachi ghafla, mashine ikaruka, nikaingia ndani ya ua wa mwalimu mkuu. Mara nyingine nikakata kona kwa haraka, gurudumu moja la nyuma likainuka kama mguu wa mbwa anayekojoa. Abdow alikaa chini akafunika uso.

Sasa angalau nimeielewa. Haitaki kulazwa kwenye kona kama baiskeli, inataka usukani ugeuzwe kwa nguvu. Na ukitaka kusimama, miguu ibaki juu, maana gurudumu la nyuma linapita pale pale unapotaka kukanyaga.

Tatizo ni mimi mwenyewe, situlii. Nikikaa mezani mkono unatafuta klachi. Chai inapoa nikiwa nasikiliza kama kuna mtu anagusa ile mashine. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kinachonikosesha raha ni Jumamosi. Mutie, mpwa wa mwenyekiti wetu Kavata, amesema ati kiwete hawezi kukabidhiwa mali ya watu. Yeye ni bingwa wa baiskeli, hata Ikutha amefika nayo. Kavata hajachukua upande. Amesema sote wawili tushuke mtoni, tupakie mitungi, tupande nayo, kikundi kijionee. Nikishindwa nitapanda basi la Mombasa hata kabla ya Krismasi, maana sitaweza tena kumtazama Ndila akifunga mukwa. Niombee, Shangazi.

Jumapili, baada ya ibada

Barua sikuituma. Nilitaka nijue kwanza nitaimaliza vipi.

Mutie alitangulia. Alishuka vizuri, watu wakampigia makofi. Wakati wa kupanda, pale njia inapopinda karibu na shamba la Nzuki, akalala upande wa kona akingoja mashine ilale naye. Haikulala. Ikaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta, ikainama, naye akafanya wanachofanya watu wa baiskeli: akashusha mguu. Gurudumu likapanda juu ya kiatu. Mifupa ni mizima, ila kidole gumba kimevimba kama kiazi, na tuta la Nzuki likanyweshwa maji yote. Hatukucheka. Yaani, hatukucheka mbele yake.

Ikafika zamu yangu. Nilisogea karibu mno na mchanga wa mto, magurudumu ya nyuma yakazama. Nikasikia mtu akisema, "Si tulisema?" Ndila alikuwa kwenye kisima cha mchangani akichota. Akaja bila kuitwa, akaweka bega nyuma ya sanduku, na wengine wakafuata. Nilitaka kulia, Shangazi. Hata hapo alikuwa ni yeye tu wa kunibeba. Kavata akasema, "Hata ng'ombe wa plau hukwama. Panda."

Nikapanda. Kwenye kona ya Nzuki sanduku liliyumba na moyo ukanishuka, lakini mguu wangu ulikuwa umefungwa, haungeweza kushuka hata ungetaka. Mitungi ilifika imejaa.

Kavata alinipa ufunguo, akaniambia mzigo wa kwanza niupeleke ninakotaka. Niliupeleka nyumbani kwetu. Ndila alipofika kwa miguu alikuta mitungi imepangwa mlangoni. Aliigusa mmoja mmoja. Akauliza, "Na kesho?" Nikamwambia, na kesho.

Leo tumetoka kanisani, akajilaza kidogo, na mpaka sasa amelala. Sijawahi kumwona Ndila amelala mchana. Ile alama ya mukwa kwenye paji la uso wake inaonekana wazi akiwa ametulia, nami nimekaa hapa kando yake naandika na kumfukuzia nzi.

Kwa hivyo sitakuja kukaa kwako. Nitakuja kukutembelea, mvua ikinyesha na watu wakipata maji karibu. Usione nimedharau nafasi uliyoniwekea. Ulinifikiria wakati mimi mwenyewe nilikuwa sijui nijifikirie nini.

Nisalimie Mzee Ndolo na binti yenu Muthoki, bibi arusi wa juzi. Mama anakusalimu na kusema uache kupanda ngazi. Mungu akupe usingizi mtamu na miguu isiyouma.

Nafunga hapa. Ndila ameamka, anazunguka nyumba akiuliza mukwa wake uko wapi, ati jua linazama na maji hayajachotwa. Hajui nimeukalia.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Kasyoka