Samli kwenye Betri ya Régis

Gisozi, Machi 1992

Xavérine, niko hospitali. Mjukuu wangu Aurore alishikwa na uchungu asubuhi, na kamioneti ya mume wake Régis ikakataa kuwaka.

Taa ziliwaka vizuri. Akizungusha ufunguo, tik tu, kisha kimya. Aurore analia kwenye kiti.

Régis akamgeukia jirani yetu fundi Nsengiyumva: "Ulichaji hii betri jana. Unataka kuniulia mke?"

"Betri imejaa, bosi. Acha nishike vichwa vyake."

Vichwa vya betri, Xavérine. Jana jioni niliviona vina unga mweupe, kama kidonda. Nikalegeza nyaya, nikapaka samli ya ng'ombe, nikarudisha bila kukaza. Mimi.

Nikasema mbele ya majirani: "Ni mimi nilipaka."

Nsengiyumva, aliyetukanwa, akafuta samli kwa shati lake, akakaza. "Bibi alipaka dawa anayotupaka sisi wote," akasema. "Washa."

Ikawaka.

Mtoto ni msichana, mzima. Régis ananiomba nimwombee msamaha kwa Nsengiyumva. Nimemwambia aende mwenyewe, tena leo.