Kupita Chini Kwanza

Mjukuu wangu Saumu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Umeniuliza hofu ya kurusha ndege peke yako huisha lini.

Miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi, nilitoka Malindi peke yangu nikatue Kilifi. Desturi yetu ilikuwa kupita chini kwanza juu ya uwanja bila kutua, ili wachungaji waondoe mbuzi uwanjani. Lakini ndege ilikodiwa kwa saa na mafuta yalikuwa ghali, nikataka kutua moja kwa moja. Hofu ikanizuia, nikapita kwanza. Katikati ya uwanja mama mmoja alikuwa ameinama akianika muhogo, mtoto mgongoni.

Hofu ile haijanitoka hadi leo. Nakuombea nawe isikutoke.

Babu yako, Malindi.