Kamba za Mzee Hoza

Magamba, Lushoto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao ambaye bado anatembea kwa miguu yake miwili na anakula akashiba, jambo ambalo Mama atataka kulisikia kabla ya mengine yote. Afya yangu ni njema, ukiacha mafua ya huku milimani, ambayo nimeyazoea kama mtu anavyomzoea jirani msumbufu. Ninyi je? Goti lako linasemaje? Ile nyumba mpya kijijini mmekwisha kuiezeka, au bado mnabanana kwa shangazi? Dada aliniandikia kwamba siku hizi maji yako karibu, na kwamba Mama hakosi darasa la kisomo hata siku moja. Habari ya maji ilinifurahisha, lakini ya kisomo niliisoma mara tatu.

Kazi yangu ni ileile. Tunanyweshea miche ya misonobari kitaluni, tunaipalilia, na mvua zikianza tunaibeba kwenda kuipanda huko juu. Msimamizi ananisifu kwamba siumwi mgongo. Ukweli ni kwamba ninaumwa ila sisemi. Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za miche. Nimefiwa, Baba. Mzee Hoza amefariki, na msibani kwake nilifanya kosa ambalo ni lazima nikueleze mwenyewe, kwa sababu nililifanya nikidhani ninafuata mafunzo yako.

Mzee Hoza alikuwa fundi wa pinde. Wanaume wa huku wanalinda mahindi yao dhidi ya nguruwe mwitu kwa upinde, na Jumamosi alasiri, kazi zikiisha, wanakutana mtelemkoni kucheza. Mgomba unakatwa kipande cha mviringo, mnene kama jiwe la kusagia, unaviringishwa kutoka juu, nao unashuka kwa kasi ukirukaruka. Wawili wanasimama kando na kuupiga. Aliyekosa ndiye anayeubeba kuurudisha juu, na mlima wa huku hauna masihara. Wako Waislamu, wako Walutheri, na kiongozi wao ni Elia, seremala, mwenye sauti ya kwaya na mdomo wa mnadani. Pinde zote zilitoka kwa Mzee Hoza, na kamba zake pia.

Nilipofika huku nilijiona mwamba. Nilikuwa na upinde ulionichongea wewe, wenye kamba ya kano za ng'ombe, na mtu wa Kondoa hafundishwi upinde na watu wanaolima viazi. Nilifika mtelemkoni, nikawaamkia kwa Kishambaa nilichokuwa nimejifunza asubuhi ile, "Onga mshi," wakacheka kwa adabu, wakanipa nafasi. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Kano ikanywa maji, ikalegea. Mshale wangu ulianguka hatua sita mbele yangu, na mgomba ukapita ukinitazama. Niliubeba kuurudisha juu mara nne, Baba. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikutaka ucheke.

Mzee Hoza hakucheka. Aliupapasa upinde wako kutoka ncha hadi ncha. "Mwanangu," akasema, "aliyeuchonga huu anaujua mti. Ila kamba yake imezaliwa juani, huku ukungu utaionea." Akanipeleka kwake, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kamba ya katani ya porini, iliyosokotwa ikabana na kupakwa nta ya nyuki. Nilimshukuru sana. Akanijibu, "Asante yako nitaifikisha." Nilidhani ni namna ya Washambaa ya kupokea shukrani, maana kila mtu aliyemsifia kamba alimjibu hivyohivyo.

Tangu siku ile nilikuwa kwake kila nilipopata nafasi. Alinifundisha kukausha mti wa mkole juu ya meko bila kuuharakisha, na kuukwangua kwa kipande cha chupa. Alinifundisha pia kuutega ule mgomba. "Usiufukuze kwa macho," alikuwa akisema. "Chagua jiwe moja huko chini, uungoje hapo. Utakuja." Alikuwa mpole, lakini ukichonga ovyo alikuwa anauchukua upinde wako bila neno na kuutia motoni, kisha anakukaribisha chai. Nilimpenda mzee yule. Nilikuwa mbali nawe, naye alikuwa karibu.

Kifua kilimwanza mvua zilipoanza, na hakikumwachia. Siku aliyofariki Mzee, Elia alinifuata kitaluni asubuhi, kofia mkononi, hata salamu hakunipa. Maziko yalikuwa alasiri. Aliniambia wapigaji wote wataenda na pinde zao, basi nikapita nyumbani kuchukua wangu nikakimbia.

Nilikuta pinde kama kumi zimeegemezwa ukutani kwa marehemu, zote zimefunguliwa kamba. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi sikuuliza. Nilikumbuka Babu alipofariki ulivyochukua upinde wake na wako, ukazikata kamba zote mbili kwa kisu, ukasema mkono uliotufundisha usisikie tena kamba ikilia. Nilikuwa na umri wa miaka saba na sijasahau. Basi nami nikatoa kisu nikaikata yangu mbele ya watu.

Elia akaja akasimama karibu yangu.

"Iddi, umefanya nini?"

"Kwetu ndivyo tunavyomlilia fundi."

"Huku tunafungua, hatukati." Aliviokota vile vipande viwili. "Kamba hii ni ya nani?"

"Ya Mzee."

"Na Mzee yuko wapi sasa?"

Alinirudishia vipande vyangu, tukaenda kuzika.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Kuchonga upinde tunaweza watano au sita, Mzee alihakikisha. Kusokota kamba isiyoshindwa na ukungu hakuna aliyejua. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amefundishwa. Jumamosi iliyofuata tulihesabu kamba nzima, maana nyingi zilikuwa zimechakaa, tukapata sita, watu kumi na wanne. Elia alijaribu kusokota yake kwa katani ya dukani. Ilikatika alipoivuta ikamchapa shavuni. Wakakubaliana kwamba baada ya arobaini ya Mzee mchezo ufungwe, pinde zitundikwe, basi. Mchezo ule ulikuwepo kabla ya baadhi yao kuzaliwa. Hakuna aliyenitukana wala kunikumbusha ile kamba ya saba. Ningefurahi wangenitukana. Niliona aibu, na nikamlilia Mzee kama nilivyomlilia Babu.

Nilikaa na aibu hiyo siku nne, kisha nikaona aibu ya kukaa tu ni kubwa zaidi. Nikabeba mzigo wa kuni nikaenda kwa mjane wake, Mama Saumu, kumwomba radhi. Yuko edani, kwa hiyo alizungumza nami akiwa ndani, mlango umerudishwa nusu, na binti yake Saumu amekaa kizingitini. Usianze kuhesabu mahari, Baba, Saumu ana mume na watoto wawili.

Nilimwamkia, nikaeleza kosa langu lote, nikampa Saumu vile vipande, naye akampitishia mama yake. Kisha sauti ikatoka ndani:

"Hii ni ya masika ya mwaka juzi. Katani ilikuwa fupi mwaka ule, nilipata tabu kuiunga. Tazama hapa, Saumu, pameunganishwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kumbe Mama ulikuwa unamsaidia Mzee?"

"Kumsaidia?" Alicheka, na Saumu akainama akaficha uso kwa kanga, kwa sababu nadhani hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu msiba. "Hoza asokote kamba? Vidole vyake vilikuwa vya panga na shoka. Alijaribu mwaka tuliooana, nikamwonea huruma, nikamnyang'anya."

"Mbona hakutuambia?"

"Hakuwaficha. Nani kati yenu alimuuliza?"

Nikakumbuka ile asante niliyompa siku ya kwanza, na jibu lake. Nikamuuliza Mama Saumu kama Mzee alikuwa akimpa salamu zozote kutoka mtelemkoni.

"Kila Jumamosi," akasema. "Alikuwa anaingia hapo mlangoni hata kofia hajavua. 'Elia anashukuru. Yule wa Kondoa anashukuru.' Hakuwahi kusahau mtu. Sasa tangu aondoke hakuna aliyenishukuru, nikajua mmeacha kucheza."

Baba, mimi ni mtu mzima, lakini nililia pale mlangoni, na sikuona haya hata kidogo. Mama Saumu aliningoja nimalize. Kisha akaniambia kuni nilizoleta ni mbichi, na kama ninataka kamba nimletee katani ya bondeni, ile ndefu, na nta safi isiyo na majivu. Alijifunza kwa mama yake, na Saumu amekwisha kujifunza kwake. Kumbe kamba hazikuwa zimekwisha hata siku moja. Zilikuwa nyuma ya mlango, na sisi wanaume kumi na wanne tulikuwa nje tukizililia.

Nilipomweleza Elia aliketi juu ya ubao aliokuwa akiupiga randa. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nampongeza Hoza kwa kamba." Halafu akasimama akaenda kwenye mlango ule akiwa bado na vumbi la mbao kichwani, akashukuru kwa sauti yake yote ya kwaya, nafikiri mpaka Lushoto mjini walisikia. Wengine walifuata siku hiyohiyo, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kulipa kodi iliyochelewa.

Siku ya arobaini, baada ya dua na chakula, pinde zote zilifungwa kamba mpya. Hatukwenda kule tulikozoea. Tuliuviringisha mgomba kwenye mtelemko ulio chini ya nyumba ya Mama Saumu, ili asikie kamba zikilia ingawa hawezi kutoka. Wakaamua mshale wa kwanza niupige mimi, kwa kuwa ndimi niliyekata. Sitakudanganya, uliishia kwenye shamba la viazi la watu. Saumu akatoka na ujumbe: mama anasema kamba haina kosa lolote, tatizo ni mkono. Watu walicheka mpaka Elia akaketi chini. Mshale wa pili nilichagua jiwe nikaungoja mgomba, nao ukaja. Niliupiga katikati.

Mchezo unaendelea, Baba, na utaendelea. Ninachonga mwenyewe sasa, na Elia amekubali kwamba upinde wangu wa mwisho haukustahili kutiwa motoni. Upinde wako nautunza ukutani, mbali na meko. Nimejifunza kwamba kila mahali watu wana namna yao ya kulia, na mgeni aulize kabla ya kutoa kisu.

Nisalimie shangazi na umwambie avumilie kubanana. Msalimie dada na mume wake, mwalimu wa kisomo mpe salamu za heshima, na mjomba wangu mfuga nyuki mwambie nta yake ingependwa sana huku.

Limebaki jambo moja. Ile kamba ya kano niliyokuja nayo, iliyoshindwa na ukungu, sikuitupa. Imo ndani ya kopo pamoja na barua zenu. Juzi niliitoa nikaitazama kwa mara ya kwanza kwa macho yanayojua kutazama, na msokoto wake ni mzuri, umebana mwanzo mpaka mwisho. Nimekuona ukichonga mlangoni utoto wangu wote. Sikumbuki hata siku moja kukuona ukisokota. Ulikuwa unaingia ndani, unakaa kidogo, unatoka na kamba.

Nani aliisokota, Baba? Tafadhali usinijibu wewe. Mpe Mama kalamu.

Mwanao akupendaye,
Iddi