Spika za Kutoka Kibondo

Jumanne, 5 Novemba 1996
Nimefagia ukumbi wetu wa video. Nimefuta vumbi kwenye deki. Mkanda mpya nimeutazama peke yangu asubuhi, picha ya Kihindi. Maandishi ya Kiingereza chini yanapita mbio, nimerudisha nyuma mpaka kidole kimechoka. Mama mkwe ni katili hasa. Sauti nitakayomtolea nikitafsiri nimeshaipata.

Alasiri watu wachache. Mabenchi ya mbele matupu. Wamekwenda kwa Gervas, mwenye ukumbi mwingine karibu na stendi. Amefunga spika mpya, zinasikika mpaka sokoni. Nimeumia.

Alhamisi, 7 Novemba
Zakaria amerudi na lori. Mume wangu huyu hawezi kufika Kibondo akarudi mikono mitupu. Safari hii ameshusha spika mbili zinazonifika kiunoni, pamoja na amplifaya. Mwenye baa fulani kule anafunga biashara. Amekubali tuzijaribu kwanza. Tukizitaka tulipe, tusipozitaka Zakaria azirudishe Jumatatu.

Zakaria anasema Kasulu ya sasa inataka kishindo. Mimi nasema fedha iliyopo ni ya dari. Mvua ikipiga bati, ukumbi mzima unakuwa kiziwi. Dari au spika. Vyote viwili hatuviwezi.

Nimezigonga kwa kidole. Mbao nzito, kitambaa cheusi mbele. Nzuri. Nimekasirika kwamba ni nzuri.

Ijumaa, 8 Novemba
Sijalala vizuri. Nimejiuliza kitu ambacho sijawahi kujiuliza: kama spika zinasema, mimi nasimama pale mbele kufanya nini? Miaka minne nimewatafsiria watu hawa, Kiswahili nikichanganya na Kiha. Bila mimi ni Wahindi wanaolia tu.

Jumamosi, 9 Novemba
Niandike yote kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa. Wengine walisimama mlangoni. Zakaria alikaa kwenye amplifaya kama rubani. Radi ya kwanza kwenye picha ikapiga, bati likatetemeka, watu wakapiga makofi. Nisiseme uongo, hata mimi nilisisimka. Nyayo zangu zilisikia ngoma kutoka sakafuni.

Kisha nikaanza kutafsiri. Sauti yangu haikufika benchi la pili. Nikapaza. Nikapiga kelele. Koo likawaka. Jenereta nayo ikaelemewa, kila besi ikipiga picha inasinyaa kwenye seti ya televisheni. Ikafika pale mama anapomtambua mwanawe aliyepotea. Hakuna aliyelia. Watu walitazama tu, kama wanatazama ng'ombe wakipita.

Bibi Leokadia, jirani yetu, akainuka na fimbo yake akaja mpaka mbele.

“Adela mwanangu, likelele hili linatuambia nini? Lizime tukusikie wewe.”

Watu wakacheka. Halafu mama mmoja nyuma akasema, “Kweli, lizimwe.” Wakadakia wengine. Vijana wakapinga, wanataka hivyohivyo. Zakaria akanitazama. Nikamwonyesha kwa mkono azime. Akazima amplifaya, akarudisha spika yetu ndogo.

Nikarudisha mkanda pale kwa yule mama. Nikasema maneno yake polepole, kwa Kiha, kama ambavyo mama yangu angeyasema. Kisha nikasikia wanawake wakivuta makamasi. Mwanamume mmoja alijifanya anakohoa.

Vijana watano walitoka kwenda kwa Gervas. Waliobaki walikaa mpaka mwisho.

Jumapili, 10 Novemba
Sina sauti. Kanisani nimefungua mdomo tu. Wanawake watatu wamenishika mkono nje, mmoja hata simjui.

Nimekula chakula cha mchana na Zakaria. Akasema wale vijana hawatarudi. Ni kweli. Akasema Gervas atatucheka. Nalo kweli. Nikamnong'oneza kwamba ukumbi wetu ni sebule iliyobomolewa ukuta, si baa, na mimi sitashindana na mbao na sumaku nyumbani kwangu.

Akatafuna kwanza. Kisha akasema, “Jana pale kwa yule mama, nililia.”

Ndoa yetu ina miaka kumi na moja. Sijawahi kumwona akilia. Nimejivuna mpaka nimeona haya.

Jumatatu, 11 Novemba
Spika zimepanda lori, zimefunikwa turubai. Nimezisindikiza kwa macho hadi kona. Nilidhani nitasikitika. Sikusikitika.

Jumatano, 20 Novemba
Fundi amemaliza dari. Majamvi juu ya fito, kazi safi. Mvua ilinyesha akiwa bado anakusanya vifaa, tukasimama sote tukisikiliza. Mbali, kama inanyesha kwa jirani. Spika yetu ndogo nimeitoa sakafuni, nimeiweka juu ya kabati, usawa wa masikio. Inatosha. Kwa Gervas bado kumejaa vijana. Waende salama.

Jumamosi, 23 Novemba
Picha ya mama mkwe imekwisha saa kumi alasiri. Zakaria amezima jenereta. Wanawake hawakuinuka. Mmoja akauliza yule mkwe aliyeteswa alikuja kuwaje baadaye, alipata watoto? Kwenye mkanda hakuna baadaye. Nikavuta kigoda, nikakaa nao, nikaendelea kuwatungia hadithi. Sauti ya kawaida tu, kama ya jikoni. Zakaria naye akaja akakaa benchi la nyuma, mikono ina mafuta, akisikiliza.